Radhi ya Kwenda Kutazama Maji

Shangazi yangu alikuwa na shanta. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Tibirinzi nao huanza na hilo. Mtaje leo kwa mtu yeyote wa mtaa ule, na kabla hajakwambia kwamba alikuwa mpishi wa dahalia, bweni la skuli, au kwamba mikeka yake imekaliwa na mabibi harusi wa Chake Chake nzima, atakuuliza kwanza: yule wa shanta? Ndiye. Shanta lenyewe lilikuwa la mtumba, rangi ya majani makavu, lina mikanda ya kifuani na ya kiunoni ambayo hakuna kwetu aliyejua kazi yake. Mgongoni lilikuja limeshonewa bendera ya nchi tusiyoijua. Shangazi aliifumua kwa wembe, akaziba pale kwa kipande cha kanga kuukuu, na kwa kuwa kipande kilikatwa kwenye jina, yale maneno ya kanga, likabaki neno moja tu: WACHENI. Ukitembea nyuma yake ulilisoma hilo kutoka sokoni mpaka mlangoni kwake.

Neno lilimfaa. Hakuwa mkali, ila hakupenda kuzuiwa. Wanaume wa barazani walikuwa wakinyamaza akipita na buibui lake na mzigo wake mgongoni, na akishapita wanacheka. Siku moja alisikia, akageuka, akarudi mpaka mbele yao. "Chekeni nami nipo, basi," akawaambia. "Na mie napenda kucheka." Akasimama pale akingoja. Hakucheka mtu, na mmoja wao akaona haya mpaka akainuka kumpisha kitako. Shangazi akakaa, akaomba maji ya kunywa, akazungumza nao habari za bei ya mchele, kisha akaenda zake.

Jiko la dahalia lilikuwa limegusana ukuta na darasa la jiografia. Miaka nenda miaka rudi, akikuna nazi au akisonga ugali wa wanafunzi, alikuwa akiwasikia watoto wakiitikia kwa pamoja: Viktoria, Tanganyika, Nyasa. Watoto walimaliza wakaenda zao, wakaja wengine, maziwa yakabaki yale yale matatu. Mwishowe alimvamia mwalimu mlangoni na mwiko mkononi. Akaambiwa kwamba ni maji baridi, hayana chumvi, na ukisimama upande huu ng'ambo ya pili huioni. Hakukubali. Maji yasiyo chumvi, kwa maarifa ya Shangazi, ni ya kisima, ya mvua au ya mto, na yote hayo ukiyatazama unauona mwisho wake.

"Mwalimu kasoma," alinambia, "lakini kaliona? Hajaliona. Basi sote wawili hatujui, ila yeye yuajua kulichora."

Akastaafu na hamu ile ile. Siku aliyorudi sokoni na shanta ndiyo siku tuliyojua kwamba hamu imegeuka nia. Maziwa aliyataka yote matatu. Aliliona moja, na sababu ya kuliona moja tu ndiyo hasa ninayotaka kuieleza.

Kwetu mwanamke hasafiri safari ndefu bila maharimu, mwanamume wa damu yake wa kumsindikiza. Shangazi, aliyekuwa na njia yake katika kila jambo, katika hilo hakuwa na ubishi. Mumewe wa Kisiwa Panza alikwishafariki, watoto hakujaaliwa, na kaka yake ni mmoja, ambaye ni baba yangu, na huyo tutamfikia. Nikabaki mimi, mtoto wa kaka, ndiyo kwanza nimetoka chuo, kazi sina, nashinda barazani nikichezea simu. Hakuniomba. Alikuja akanitazama kichwani mpaka miguuni, vile anavyotazama papa mkavu kabla ya kumnunua, akasema, "Huyu atafaa." Kuanzia siku ile, kila nilipojidai kuwa na maoni juu ya safari, alinikumbusha kwamba maharimu kazi yake ni kuwepo.

Sasa nieleze habari ya radhi. Mpemba akisafiri haondoki hivi hivi. Hupita kwa jamaa na majirani akiomba radhi: kama nimekukosea, nisamehe, nihalalishie, huenda tusionane. Siku hizi wengi wanatuma ujumbe mmoja wa simu kwa watu wote, na hata huo hawauandiki wenyewe. Shangazi alikuwa wa zamani. Hata akienda Mkoani kupokea mzigo wa ukindu wa kusukia mikeka na kurudi jioni, aliomba radhi kwa jirani wa kulia na wa kushoto. Majirani walimtania kwamba mwisho ataomba radhi kwenda kisimani. "Na nikitumbukia?" aliwauliza.

Kwa safari ya ziwa alizunguka Tibirinzi yote. Alikwenda mpaka kwa bibi mmoja waliyekuwa hawasemeshani tangu kwenye harusi moja, ambako huyo bibi alisema mbele za watu kwamba pilau ya Shangazi imeshika ukoko. Walilia wote wawili. Kisha, wakati wa kuagana, yule bibi akaongeza kwamba hata hivyo ukoko ulikuwepo, nikadhani tutaanza upya. Shangazi akameza mate, akasema, "Ulikuwepo kidogo." Nadhani hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumwona akilifanya kwa ajili ya safari.

Kwa Baba tulikwenda mwisho. Baba ni mtu wa msikitini, mwenye duka la vitambaa, mtu ambaye tangu namjua hajawahi kwenda mahali bila sababu unayoweza kuitaja kwa neno moja. Alikuwa kwenye mswala, ndiyo kwanza ametoa salamu.

"Kaka, n'na safari," Shangazi alisema. "Nimekuja radhi zako."

"Ya wapi?"

"Bara. Ziwa Tanganyika."

Baba akaiweka tasbihi chini. "Wenda kuuguza?"

"Siendi kuuguza."

"Kuna maiti? Kuna biashara?"

"Hakuna."

"Basi wafuata n'ni?"

"Maji, kaka. Nakwenda kuyatazama nirudi."

Baba alinitazama mimi, akiona labda nitacheka na mambo yaishie hapo. Nilitazama mkeka. "Mtembezi hula miguu yake," alisema.

"Na mkaa bure si sawa na mtembea bure."

Wakatoleana methali, wakatoleana aya, maana wote wawili walisoma chuo kimoja cha Kurani na kila mmoja alikuwa na zake. Mwisho Baba akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililouma: "Radhi ya kwenda kuuguza ninayo. Ya kwenda kuzika ninayo. Ya kwenda kutazama maji, mie sina."

Leo najua ilikuwa hofu. Hakuwa na dada mwingine, na alimwona amekufa huko bara, amezikwa na watu wasiomjua, na kosa ni lake aliyeruhusu. Lakini hofu hakuisema. Alisema sina. Shangazi alimbusu mkono kama kawaida, akatoka. Mlangoni kwake tu ndipo aliponiambia, "Kuomba ni juu yangu, kutoa ni juu yake. Kesho alfajiri uwe hapa." Tukapanda boti Mkoani bila radhi ya Baba, Shangazi yule ambaye haendi kisimani bila radhi.

Njiani alikuwa mtu mwingine, au pengine alikuwa yule yule na ndiyo mara ya kwanza kumwona ana nafasi. Senti zake zilikuwa za mikeka, na alizitumia kwa machungu. Alibeba shuka lake na kufuli lake, kwa kuwa kufuli za nyumba za wageni hakuziamini, na alibeba mikate ya ajemi iliyotufikisha Mbeya, ya mwisho ikiwa migumu ya kupigia ngoma. Stendi zote alizoshuka, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Madrasa iko wapi?" Akionyeshwa, anakwenda, anatoa salamu, anauliza hali za watoto, anagawa halua ya Wete iliyotiwa kwenye vikawa, vikapu vidogo vya kusuka. Mara nyingi tulipata pa kulala, yeye kwa mke wa mwalimu, mimi barazani. "Mgeni mwenye salamu halali nje," alikuwa akisema. Palipokosekana madrasa tulilala kwenye nyumba za wageni za chini kabisa, na hapo alining'oa usingizini alfajiri kuniuliza kama nimesikia kunguni au ni yeye tu.

Na alisuka. Ndani ya shanta, chini ya nguo, kulikuwa na mafungu ya ukindu uliotiwa rangi, umefungwa kwenye kitambaa kibichi ili usikauke. Tulipotoka tu Dar es Salaam alianza ukili, ule ukanda mwembamba unaokuja kushonwa ukawa mkeka. Abiria walitazama video kwenye basi, yeye anasuka. Milimani kule Kitonga, abiria wamefumba macho kwa woga, yeye anasuka. Ukili ulirefuka ukajikunja mapajani mwake, na kila tulipofika pahala alifunga uzi mdogo, kisha anaendelea.

Kila baya lililotupata lilikuwa na mwenyewe. Basi likapasuka tairi kabla ya Iringa: alinigeukia akasema, "Hii ya baba yako." Mvua ikatunyea Sumbawanga tukiwa juu ya lori la mahindi: "Na hii ya baba yako." Nikaumwa tumbo kwa maharage ya jana: ya baba yako. Mwanzo nilicheka. Baadaye niligundua hatanii sana. Alikuwa anaiweka radhi ile iliyokosekana karibu yake, anaipapasa kila mara, vile mtu anavyopapasa jino bovu kwa ulimi.

Tulifika ziwani mchana, kijiji kidogo mbele ya Kirando, watu wa dagaa. Sitasahau. Shangazi alishuka garini, akateremka moja kwa moja mpaka majini, akavua viatu, akachota kwa kiganja akaonja. Akachota tena. Akatazama mbele, ng'ambo hakuna. Akanitazama mimi na uso uliojaa kitu ambacho mtu mzima haonyeshi mara kwa mara, akasema, "Mwalimu hakusema uongo."

Halafu akaona vyombo. Wanawake wa pale walikuwa wakiosha masufuria na kufua, na vitu vyao vimewekwa pale pale ukingoni, nguo, sabuni, mtoto kalazwa juu ya kanga. Shangazi aliingiwa na hofu ya haki. Akaanza kukusanya masufuria ya watu na kuyapandisha juu. "Maji yatajaa jamani! Yatabeba vyombo, na mtoto yule!"

Wale wanawake wakamwangalia. Mmoja, mwenye umri wake, akamwamkia, akauliza kwa adabu, "Yatajaa kutoka wapi, mama?"

"Kwani hayapwi?"

"Kupwa ndiyo nini?"

Nilijaribu kusaidia, maana na mimi nilikuwa nimesoma vitabuni, lakini Shangazi aliniambia maharimu anyamaze. Akafanya wanavyofanya watu wa kwetu: akachomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga, akakaa kitako na ukili wake kungoja. Maisha yake yote yalipangwa na maji. Kisiwa Panza alikoolewa, huvuki kwenda kuokota kombe wala huendi kwa pweza mpaka maji yatake. Alijua saa bila saa. Ikaja alasiri, kijiti kiko pale pale. Akasema labda ni maji mafu, yasiyosogea sana. Akahesabu mwezi kwa vidole, akakuta ni mpevu, siku za bamvua, maji makubwa kabisa, siku ambazo kwetu bahari inakimbia mpaka huioni. Kijiti hakikusogea. Asubuhi baada ya sala alikwenda kukitazama tena, peke yake.

Nilimkuta na yule mwenzake wa jana, wamekaa. Yule bibi alikuwa akimwonyesha kidole majini, kwenye vigogo vya michikichi vilivyosimama vikavu ndani ya ziwa.

"Hapo palikuwa kwetu, mama," alisema. "Nyumba, na jiko, na choo. Maji yalipanda miaka ile, yakachukua."

"Na hayajarudi?"

"Hayajarudi. Wataalamu walisema yatashuka. Sisi tunaona yapo tu."

Shangazi alisogea karibu. Alimshika yule bibi mkono, wakakaa hivyo. Tulipokuwa tunapanda kurudi alipolala, akaniambia, "Kwetu maji yakikukasirikia, yaondoka, na wajua yatarudi. Watu wa huku wakaaje na maji yasiyorudi?" Kisha baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Baba yako je? Ni maji ya wapi yule?" Sidhani kama aliniuliza mimi.

Kutoka hapo tulipanda chombo cha mizigo kuelekea kaskazini, cha mbao na mashine, sisi juu ya magunia ya dagaa. Siku ya pili mchana ulivuma upepo. Mawimbi ya ziwa ni mafupi, yanakuja karibu karibu, hayakupi nafasi ya kuvuta pumzi. Maji yaliingia. Nahodha aliamuru magunia yatupwe, na wenye magunia wakasaidia kuyatupa, ndipo nikajua mambo si mazuri. Nilimtazama Shangazi nikingoja aseme lile neno lake. Hakulisema. Alikuwa ameshika ukili kwa mikono miwili, vidole vinasuka vyenyewe, midomo inasoma. Tulipotia nanga kwenye ghuba fulani na watu wakaanza tena kuongea, nilimuuliza: mbona hii hukusema ya baba yangu?

"Tungekufa, angeishi nayo," alisema. "Nikaona hiyo n'simtwishe."

Basi ndivyo alivyokuwa. Kwa tairi alimlaumu, kwa kifo hakumlaumu. Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili namna hiyo. Hakuogopa lori wala jangili, lakini mjusi akiingia chumbani alilala nje. Alibishana na kondakta mpaka basi zima likamwonea huruma kondakta, kisha akashuka akampa omba-omba nauli ile ile aliyoiokoa. Alidharau samaki wa ziwa kwamba hawana chumvi ya kwao, akawala migebuka wa kuchoma mpaka nikamficha wa kwangu. Alimsema Baba mchana kutwa, na Kigoma, kabla ya kupanda treni ya kurudi, alizunguka soko zima akitafuta migebuka wakavu walio bora, kwa ajili yake.

Migebuka wale Baba aliwapokea. Hakuwarudisha, angefanya hivyo ingekuwa ugomvi, na Baba hagombani. Aliwagawa kwa majirani. Tuliporudi hakumgombeza dada yake wala mimi. Alifanya baya zaidi: aliendelea kama kawaida, ila mlango wa Shangazi hakuukanyaga tena. Wakikutana msibani au harusini ni salamu kamili, hali, afya, basi. Na mtu yeyote akilitaja ziwa mbele yake, Baba alikumbuka kwamba hana udhu, akainuka.

Hapo ndipo Shangazi alipofanya jambo ambalo mtaa mzima haukulitegemea. Aliacha kusafiri. Ukili wa safari aliushona ukawa mkeka, rangi zake hazifuatani kwa sababu ukindu uliisha njiani akanunua wa kule, akaukunja akausimamisha nyuma ya mlango bila kuutandika. Shanta akalisukuma uvunguni. Nyasa na Viktoria zilikuwa bado, mimi kazi nilishapata lakini likizo ninazo, nikamwambia twende. Akakataa.

"Mara moja bila radhi, nilijaribu," alisema. "Mara ya pili ni ukaidi. Sitoki Pemba mpaka kaka anipe."

"Na asipotoa?"

"Atatoa. Yule ni Mpemba."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia Baba kwa ukimya wake na nikamkasirikia Shangazi kwa kungoja kwake. Nilimwambia kwamba mtu mzima hangoji ruhusa ya mwanamume anayekimbilia udhu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniambia ruhusa ni kitu kingine na radhi ni kitu kingine, ruhusa hata askari anatoa. Miaka ikapita. Sukari ikampanda, magoti yakavimba, akaanza kutembea kwa mkongojo, kisha kutoka kitandani mpaka barazani tu. Bado aliniuliza, akisikia nimekwenda Dar es Salaam kikazi, basi la Nyasa linaondokea wapi siku hizi.

Kisha Baba akajaaliwa Hijja.

Mwenda Hijja haachi mlango bila kuomba radhi. Huwezi kwenda kusimama kule na huku nyuma kuna mtu una deni lake la moyo. Baba, kwa jinsi alivyo mtu wa taratibu, aligawa mji mtaa kwa mtaa. Alianza sokoni, akaenda kwa wateja wa zamani, akashuka Mkoani kumwomba radhi mchukuzi mmoja aliyewahi kumjibu vibaya kwa ajili ya robota la kitambaa. Jioni nilipopita kwa Shangazi kumpelekea dawa, alikuwa ananiuliza jambo moja: "Kafika wapi?"

"Kafika Machomane, Shangazi."

"Aa. Bado mbali."

Na kesho yake: "Leo je?"

Siku za mwisho mwisho alitaka nyumba ifagiliwe mara mbili. Baba alibakisha Tibirinzi nyuma, na Tibirinzi akaubakisha mlango mmoja. Alikuja baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, mimi nimekaa namkanda Shangazi miguu.

"Hodi."

"Karibu." Hakuuliza nani.

Baba akasimama kizingitini, kofia mkononi. Shangazi alimwamkia, naye akaitikia. Kisha Baba akatazama ukuta.

"N'na safari," alisema.

"Nimesikia. Safari ya kheri hiyo."

"Nimekuja radhi zako."

Niliacha kukanda. Jibu lilikuwepo tayari, Baba mwenyewe alikwishalitunga, alichohitaji Shangazi ni kulirudisha tu: ya kwenda huko mie sina. Niliujua ulimi wake. Naye Baba aliujua, maana niliuona mkono wake ukiibana ile kofia.

Shangazi akanigeukia. "Mtandikie baba yako," akasema. "Ule wa nyuma ya mlango."

Niliukunjua mkeka ambao haujawahi kukaliwa. Baba alivua viatu, akavuka, akakaa.

"Radhi unayo, kaka. Dunia na akhera," Shangazi alisema. "Mie kwako sina kinyongo."

Baba aliitikia amin. Nilidhani atainuka sasa, kazi imekwisha. Hakuinuka. Alikuwa anapapasa mkeka, mtu wa vitambaa yule, kazi ya mkono haimpiti.

"Rangi zake hazifuatani," alisema.

"Huo wa safari ile."

Nikangoja akumbuke udhu. Akabaki. Shangazi akainyoosha fimbo yake ya kutembelea kutoka kitandani. "Hapo ulipokaa ni Mbeya," alisema. "Mguu wako uko Sumbawanga."

Baba akauondoa mguu. "Na ziwa?"

"Hapo. Penye ukili uliolegea. Siku ile mawimbi yalitupiga."

Baba akakiweka kiganja pale, akakiacha. Nje mtu alipita na baiskeli, akatoa salamu, hakuitikiwa.

"Watu wasema maji yake hayapwi," Baba alisema.

"Hayapwi."

"Hata bamvua?"

"Hata bamvua, kaka. N'lichomeka kijiti."

Baba akafikiri. Niliona kwamba anafikiri kweli, na kwamba swali hilo alikuwa nalo siku nyingi. "Sasa wao," akauliza, "wajuaje saa ya kwenda pwani?"

Shangazi akacheka mpaka akakohoa. "Hilo hilo n'liwauliza mie!"

"Wakasemaje?"

"Wasema wenda wakitaka."

"Wenda wakitaka," Baba akarudia, akatikisa kichwa. Kisha akainuka, akavaa viatu taratibu, na alipofika mlangoni akasimama na mgongo kwetu. "Ile radhi uliyoniomba," alisema.

"Ishapita hiyo, kaka. Nilishakwenda na nilisharudi."

"Ichukue tu. Itakufaa safari nyengine."

Shangazi alisikiliza viatu vya Baba mpaka vikafika barabarani. Alijifuta macho kwa pindo la kanga. Nikaishika tena miguu yake, imevimba, na alama za vidole vyangu hazijaondoka.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, Shangazi."

"Basi n'tazamie shanta liko wapi."

Nikainama, nikalivuta kutoka uvunguni, nikalikung'uta vumbi, nikaliweka pale mkono wake unapofika.